Jinsi ya kupata gemu ya upelelezi ambayo upelelezi unaufanya wewe mwenyewe

Meli imeondoka London mwaka 1802, ikapotea, alafu 1807 ikaibuka yenyewe pale Falmouth, ndani hamna mtu hata mmoja. We umetumwa kwenda kuikagua kwa ajili ya mambo ya bima, unapanda, unakuta mifupa ya mtu sitahani karibu na mlango, una saa ya mfukoni, unaifungua. Skrini inakua nyeusi. Unasikia watu wanamwita nahodha afungue mlango, wanajibizana, alafu risasi inalia. Ghafla uko ndani ya ile sekunde yenyewe, kila kitu kimeganda, hadi moshi wa baruti umesimama hewani, na unaweza kutembea katikati ya watu ukawaangalia sura mmoja mmoja. Ukitoka hapo kitabu chako kinataka mambo matatu tu, huyu alokufa ni nani, alikufaje, na kama aliuawa basi na nani. Hamna wa kukunong'oneza. Ila umesikia wanamwita "nahodha", umeona bastola iko mkono wa nani, na kwenye orodha ya mabaharia mwenye cheo hicho ni mmoja tu. Unaandika jina.

Hiyo ni Return of the Obra Dinn, ya Lucas Pope, ilitoka 2018, na watu wa kuwatafutia majibu ni 60. Nimeanza nayo kwa sababu hicho kitendo kidogo cha kuandika jina ambalo hujaambiwa na mtu ndo kitu chenyewe ninachotaka kukuelekeza namna ya kukitafuta. Mi tangu niimalize nimecheza gemu nyingi sana zilizoandikwa "upelelezi" na nyingi nimeziacha njiani, sio kwamba ni mbaya, hapana, ila ndani yake mpelelezi ni mtu mwingine na mimi nimepewa kazi ya kumshika mkono atembee. Baada ya muda nikaanza kuona dalili mapema kabla sijatoa hela, na hizo dalili ndo nakuandikia hapa.

Kwanza tenganisha vitu viwili

Kuna hadithi ya mpelelezi na kuna kazi ya upelelezi. Hadithi ya mpelelezi ni koti refu, mvua, sigara, maiti, na mwisho siri inafunuka. Kazi ya upelelezi ni wewe kukaa na habari mbili zisizokubaliana kichwani mpaka upate ya tatu inayozipatanisha. Gemu inaweza kuwa na ya kwanza tele na ya pili isiwe nayo hata chembe, na dukani zote zitawekwa rafu moja.

Mfano mzuri ni hizi gemu ambazo unabonyeza kitufe, dunia inageuka rangi ya bluu na ushahidi unawaka, unausogelea, unabonyeza tena, mhusika anasema kwa sauti "aha, kumbe alipita dirishani". Gemu za Batman za Arkham zina hicho kitu na mi nazipenda sana kwa mapigano yake na kwa jinsi mji ulivyojengwa, lakini pale kwenye uchunguzi we hujachunguza, umefata mwanga. Umetafuniwa na kumezeshwa. Kama unachotaka ni hadithi tamu basi hamna shida, ila kama unatafuta ile hali ya kugundua, jua kabisa huwezi kuipata pale.

Swali la kumuuliza mtu aliyeicheza, au kujiuliza ukiangalia video yake, ni hili: nani anatamka jibu kwanza, mimi au gemu? Mhusika akiwa anatamka hitimisho alafu wewe ndo unaelewa, hiyo sio yako. Ukiwa wewe ndo unaelewa alafu gemu inakaa kimya inasubiri umalize kuandika, hiyo chukua.

Angalia inasahihishaje, hapa ndo penye siri

Watu wengi wanaangalia picha na hadithi, mi naangalia kwanza namna gemu inavyokusahihisha, kwa sababu hapo ndo inaamua kama utafikiri au utapiga ramli. Chukua kesi ya kawaida, washukiwa 4, silaha 5, vyumba 6. Kama gemu inasahihisha kila jibu peke yake, yaani unaweka mshukiwa inakwambia kosa, unaweka mwingine inakwambia sawa, basi ukibahatisha tu majaribio hayazidi 15 umemaliza kesi bila kusoma chochote. Lakini kama inataka vyote vitatu viwe sawa kwa pamoja ndo iseme neno, hapo michanganyiko ni 120, na mtu mwenye akili zake hawezi kujaribu yote 120, atarudi akasome ile barua tena. Kesi ni ile ile, ushahidi ni ule ule, kilichobadilika ni usahihishaji tu na gemu imekua kitu kingine kabisa.

Obra Dinn inafanya hivo kwa kukusanya. Ukipata watu watatu kwa usahihi kamili, jina na namna walivyokufa, ndo inathibitisha wote watatu kwa mpigo, chini ya hapo iko kimya. Ule ukimya ni mtamu sana. Unaweza kukaa na majina mawili una uhakika nayo na la tatu una wasiwasi nalo, unabadilisha moja, kimya, unabadilisha lingine, alafu ghafla muziki na kalamu inaanza kuyaandika rasmi kwenye kitabu, we mwenyewe unaruka kwenye kiti. Na bado inakuachia nafasi kidogo ya kuotea pale mwishoni mwishoni ambapo una uhakika wa wawili, na mi naona hiyo ni sawa kabisa, hata mpelelezi wa kweli anafika mahali anabaki na watu wawili anapima.

The Case of the Golden Idol ya 2022, imetengenezwa na ndugu wawili wa Latvia, yenyewe ina njia yake. Kila kesi ni picha moja au picha chache zilizosimama kwenye sekunde ya kifo, unapekua mifuko ya watu, unasoma barua, kila neno la maana unaloliona linaingia kwenye kapu lako, majina, vitendo, vitu, alafu kuna maelezo yenye mapengo unayajaza kwa yale maneno. Ukikosea inakwambia tu kwamba kuna makosa, na ukikaribia inakwambia yamebaki mawili au pungufu, haikuonyeshi yako wapi. Kesi ya kwanza kabisa ni watu wawili kwenye ukingo wa mlima, mmoja mikono iko mbele, mwingine ashaanza kuanguka. Unadhani ni rahisi, nani kamsukuma nani unaona kwa macho. Ila majina yao hujui, unapekua mabegi yao, unakuta karatasi, na ndani ya dakika tano unafundishwa kitu ambacho kitakusaidia gemu nzima, kwamba kuona tukio sio sawa na kuwajua wahusika. Hakuna somo lililoandikwa, umejifunza kwa kufanya. Kama hujawahi kucheza gemu ya aina hii hata moja, anza na hii, demo yake, yaani kipande cha kuonjea, ni ya bure na inatosha kukuonyesha kama hii hali ni ya kwako au sio. Iko ya pili yake, The Rise of the Golden Idol ya 2024, imehamia miaka ya 1970, cheza baada ya ya kwanza.

Sasa ukikutana na gemu mpya usiyoijua, tafuta mtu anaicheza, ruka mwanzo, angalia dakika kumi tu za kesi ya kwanza, alafu fuatilia kinachotokea pale anapokosea. Akikosea na mhusika anasema "hapana, nadhani nijaribu kingine" alafu anaendelea kubonyeza mpaka kiingie, ushapata jibu lako. Akikosea alafu akakaa kimya, akarudi nyuma, akasogeza uso karibu na skrini, zima video hapo hapo nenda kacheze mwenyewe usije ukaona zaidi.

Je inakuruhusu ukosee moja kwa moja?

Kuna aina nyingine ya usahihishaji ambayo ni kutokusahihisha. Sherlock Holmes: Crimes and Punishments ya 2014, kutoka Frogwares wa Ukraine, ina kesi sita na kila moja unaweza kumfunga mtu asiye na hatia, ukaendelea na maisha. Kuna sehemu inaonyesha mawazo yako kama mishipa ya ubongo, unaamua kila ushahidi unauelewa vipi, na maamuzi yako ndo yanajenga mtuhumiwa. Mwisho unaweza kuchagua kuona kama ulikua sahihi. Ushauri wangu, kaa na jibu lako kwanza kidogo kabla hujabonyeza kuangalia, ujitetee kichwani kama uko mbele ya hakimu.

Paradise Killer ya 2020 imeenda mbali zaidi, unaachiwa kisiwa kizima utembee popote, na kesi unaifungua muda wowote unaotaka, hata ukiwa na ushahidi nusu. Unayeweza kumshtaki ni yule ambaye ushahidi wako unamtosha. Pentiment ya 2022 yenyewe inaanzia 1518 kule Bavaria, mauaji yanatokea, muda wa kuchunguza hautoshi kwenda kila mahali, lazima umtaje mtu, na gemu haikwambii kamwe kama ulipatia. Hapa inategemea wewe ni mtu wa namna gani. Kuna watu wasipoambiwa jibu hawalali, na hao nawaambia wazi Pentiment itawaumiza. Mi iliniumiza na bado naiheshimu, nimewahi kukaa siku kadhaa nikiwaza yule niliyemtaja na familia yake.

L.A. Noire ya 2011 ipo katikati. Ni Los Angeles ya 1947, unahoji watu na sura zao zimerekodiwa kwa waigizaji wa kweli, unaangalia macho unaamua anasema kweli, unamtilia shaka, au anadanganya na unao ushahidi. Ukikosea gemu inaendelea tu. Tatizo langu nayo ni kwamba kwenye eneo la tukio pedi ya kuchezea inatetemeka ukikaribia ushahidi na muziki unakatika ukimaliza kukusanya, sasa hapo nani anachunguza? Lakini hivo vitu vinazimika kwenye mipangilio. Zima vyote kabla hujaanza, ni gemu tofauti kabisa. Na hii tabia iendeleze kwa kila gemu, ukifungua tu ingia kwenye mipangilio, tafuta chochote kinachoitwa msaada, alama, mwanga wa vitu, zima, ukikwama sana ndo uwashe.

Chagua kwa aina ya kazi

Watu wanauliza "ipi bora" wakati swali lenye faida ni unapenda kufanya nini ukiwa unachunguza. Kuna wanaopenda kutazama picha, kuna wa kusoma, kuna wa kusikiliza, kuna wa kutembea.

Kama raha yako ni kutafuta kwenye makaratasi na kumbukumbu, Her Story ya Sam Barlow ya 2015 hiyo ni lazima. Una kompyuta ya polisi, ndani yake vipande vya video vya mwanamke anahojiwa mwaka 1994, na unavipata kwa kuandika neno. Ukiandika neno linalotamkwa kwenye vipande 40 inakuonyesha vitano vya mwanzo tu, kwa hiyo lazima usikilize alichosema, uokote neno adimu, jina la mtu, jina la mahali, uliandike hilo. Hamna anayekwambia umemaliza kuelewa, unajua mwenyewe. Kwenye simu inachezeka vizuri. Ya karibu na hiyo ni The Roottrees are Dead, ya kujaza ukoo wa familia tajiri kwa kutumia intaneti ya 1998, toleo jipya limetoka 2025 na ile ya zamani ilikua ya bure kwenye itch.io, tovuti ya gemu ndogo ndogo, nayo inathibitisha watu watatu watatu kama Obra Dinn. Na ukitaka kitu cha maandishi matupu, hakuna picha, hakuna sauti, kuna Type Help kwenye itch.io pia, unaicheza kwenye brauza bila kutoa hata senti, kazi yako ni kubuni majina ya mafaili ili yafunguke, na nakuhakikishia utatafuta daftari ndani ya dakika kumi za mwanzo.

Wa kusikiliza, Unheard ya 2019. Unaona ramani ya jengo tu na sauti za watu, unatembea chumba hadi chumba ukisikiliza, unampa kila sauti jina. Vaa hedifoni.

Wa kubishana, mfululizo wa Ace Attorney, ulioanza Japani 2001 kwenye Game Boy Advance, kile kifaa cha gemu cha mkononi. We ni wakili, shahidi anatoa maelezo, unatafuta sentensi moja isiyokubaliana na ushahidi mmoja ulio nao, unaiweka mezani. Hii inaongoza kwa mstari mmoja na saa ingine umeshaelewa kila kitu nusu saa kabla lakini inataka uonyeshe kitu fulani kwa wakati fulani tu, inachosha hapo. Hata hivyo ile sekunde ya kumkamata shahidi kwenye uongo wake wenyewe hamna gemu nyingine inaitoa vile. Maandishi ni mengi mno, kwa hiyo icheze kwa lugha unayoisoma bila kukwama, kwa sababu uongo mwingi umefichwa kwenye namna sentensi ilivyosemwa.

Wa kutembea, Outer Wilds ya 2019. Haina polisi wala mauaji ya chumbani, ni anga, sayari chache, na kila baada ya dakika 22 jua linalipuka unaanza upya, unachobaki nacho ni ulichojifunza. Nimeiweka hapa kwa makusudi. Watu waliopotea wameacha maandishi, we unasoma, unaunganisha, na mlango uliokua umefungwa toka mwanzo unafunguka kwa sababu sasa unajua, sio kwa sababu umepata ufunguo. Kwangu mimi hiyo ni gemu ya upelelezi kuliko nusu ya zilizopewa jina hilo.

Wa kuvunja milango na kufata watu mtaani kuna Shadows of Doubt, iliyokamilika 2024, mji mzima unatengenezwa na kompyuta, kila mkazi ana kazi, nyumba, ratiba, alama za vidole. Kesi zinaanza kufanana baada ya muda, hilo nakwambia mapema, ila kesi ya kwanza ukimpata mtu kwa kiatu chake na saa anayotoka kazini, hautaisahau.

Na Disco Elysium ya 2019 je? Watu wataiweka juu kabisa ya kila orodha, na mi nakubali ni moja ya vitu vilivyoandikwa vizuri kuliko gemu zote nilizocheza, zile tabia 24 zinazobishana ndani ya kichwa cha mpelelezi mmoja ni kazi kubwa. Lakini icheze kwa ajili ya yule mtu na ule mji. Ukienda pale kutafuta mafumbo ya kufumbua mwenyewe utaondoka na njaa, na itakua umeionea.

Kutafuta bila kuharibikiwa

Gemu hizi zinachezwa mara moja. Ukishajua hujui tena kutokujua, maji yakimwagika hayazoleki. Mi niliharibiwa gemu moja hivi kwa kosa dogo sana, nilikua nataka kuhakikisha jina la mshukiwa linaandikwaje, nikaliandika kwenye sehemu ya kutafutia mtandaoni, sijabonyeza hata, mapendekezo yakashuka chini yake, jina lake na neno "muuaji". Masaa tisa ya kazi yakaishia hapo. Tangu siku hiyo nina sharti moja, jina la mhusika yeyote halitoki kwenye daftari langu kwenda kwenye intaneti mpaka nimemaliza.

Kwa hiyo ukitafuta, tafuta kwa namna ya kucheza, usitafute kwa hadithi. Andika jina la gemu uliyoipenda na ongeza kwamba unataka inayofanana nayo, bila spoila, yaani bila kufichuliwa siri zake. Rivyu soma aya mbili za mwanzo na ya mwisho, katikati ndo wanaposahau. Trela za kutangaza gemu ikishatoka ziruke, zinapenda kuonyesha picha za mbele huko. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kuna tagi ya upelelezi na tagi ya mafumbo ya siri, ila usiishie kwenye tagi, fungua ukurasa wa gemu unayoipenda ushuke chini uone zinazofanana nayo, alafu soma maoni ya watu waliocheza masaa machache wakaiacha, sio waliomaliza. Aliyeiacha atakwambia imemchosha wapi, na saa ingine kinachomchosha yeye ndo unachokitafuta wewe. Nikiona mtu kalalamika "haikwambii uende wapi" mi nafungua pochi.

Demo zitumie. Mara chache kwa mwaka Steam wana tamasha la demo linaitwa Next Fest, gemu ndogo ndogo za upelelezi zinajaa pale. Na ukinunua kabisa, Steam wanakubali kukurudishia hela kama ni ndani ya siku 14 na hujacheza kufika masaa 2, ambayo kwa gemu nyingi ni kesi ya kwanza nzima, muda wa kutosha kujua inasahihishaje.

Ukishaipata, ukae nayo vipi

Daftari la karatasi. Najua gemu nyingi zina kumbukumbu ndani yake, sawa, ila ile kumbukumbu inaandika gemu ilichokuonyesha, daftari linaandika ulichowaza. Gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika nilichoona au kusikia, upande wa pili nachodhani. "Kavaa pete" upande wa kushoto. "Ameoa" upande wa kulia. Mara nyingi sana ukikwama ni kwa sababu kuna kitu cha kulia kimevuka kikaenda kushoto bila wewe kujua, umekifanya ukweli. Rudi ukague kulia tu, mstari kwa mstari, jiulize nimejuaje hili.

Kwenye Obra Dinn hii ilinisaidia sana. Orodha ya mabaharia ina jina, kazi, na nchi anayotoka mtu. Basi lafudhi ni ushahidi, nguo ni ushahidi, amesimama karibu na nani ni ushahidi, analala wapi ni ushahidi. Ukikwama na mtu mmoja muache, mfatilie kwenye matukio mengine yote yaliyoganda anapoonekana nyuma nyuma, hata kama kwenye tukio hilo anayekufa ni mtu mwingine. Watu wanatazama maiti tu, wakati majibu mengi yako kwa waliosimama pembeni.

Ukikwama kabisa lala kwanza, kweli kabisa, funga gemu lala. Ikishindikana kesho yake tafuta dokezo na sio jibu. Kuna tovuti ya Universal Hint System, mfumo wenyewe upo toka 1988, inakupa msaada kidogo kidogo, unafungua sentensi moja, ikitosha unaishia hapo. Au muulize mtu aliyemaliza swali la aina hii, "je nimeshaona kila ninachohitaji?" Akijibu ndio, inatosha, hauhitaji lingine.

Usicheze mbili kwa wakati mmoja, ushahidi unachanganyika. Usiiache katikati wiki mbili. Fupi zianze, Duck Detective: The Secret Salami ya 2024 inaisha kwa jioni moja na inajaza mapengo kwa maneno kama Golden Idol, nzuri ya kujipimia.

Na ukiweza icheze na mtu mwingine skrini moja. Mi nacheza na mdogo wangu, mmoja anashika mausi mwingine daftari, tunabadilishana kila kesi. Tuna sharti kwamba jina haliandikwi mpaka mwenye kulitaja aonyeshe kwa kidole.

"Dada, ni huyu."

"Umejuaje?"

"Sura yake tu ilivyo."

"Hatuandiki."

Akakaa kimya dakika nzima, alafu akachukua mausi mkononi mwangu, akarudi kwenye picha ya kwanza kabisa, ile tuliyoipita mapema tukidhani haina kitu, akaanza kupekua mifuko upya.